Sura ya Saba: Ndege Iliyopauka

Je, ndege iliyopauka rangi ni salama kupanda?

Swali hili hurudi kila mara mahali ambapo ndege ndogo hutua karibu na watu, na Musoma ni mahali pa namna hiyo. Kiwanja chake kimo ndani ya mji, na ndege inayoshuka huonekana tumbo na mabawa kabla haijagusa ardhi. Mkazi wa Musoma huziona rangi zake vizuri kuliko abiria wa Dar es Salaam anayeingia ndege kubwa kupitia korido. Anaona nyekundu iliyogeuka waridi, bluu iliyogeuka kijivu, nyeupe isiyorudisha mwanga tena. Halafu anauliza la pili: kama mwenye ndege ana pesa ya mafuta, mbona hana pesa ya rangi?

La kwanza lina jibu fupi. Kupauka peke yake hakuangushi ndege. Injini haijui rangi ya bawa, na bawa hubeba uzito uleule likiwa linang'aa au limefifia. Lakini rangi ya ndege ina kazi, na inapochoka kuna vitu vilivyo chini yake ambavyo huanza kuharibika kimyakimya. Zaidi ya hapo, na hili ndilo lililonifanya niandike sura nzima, mtu anayeirudishia ndege mng'ao wake anaweza kuleta hatari ambayo jua la miaka 20 halikuileta. Kusafisha ndege ni sehemu ya kuitengeneza. Anayeifanya kazi hiyo kama anayeosha gari la harusi hajaelewa ameshika nini.

La pili, la pesa, litajibiwa tukifika kwenye rangi mpya.

Rangi ni nini hasa

Kopo lolote la rangi, liwe la kupaka mlango wa duka Bunda au bawa la ndege, lina vitu vitatu. Kuna chembe ndogo sana zinazotoa rangi yenyewe. Kuna gundi inayozishika chembe hizo na kuzibandika ukutani au kwenye bati. Na kuna kimiminika, kile mafundi wanachokiita tina, kinachoifanya rangi iwe nyepesi ya kupulizwa, kisha hupaa hewani na kutoweka rangi inapokauka. Kinachobaki ni chembe ndani ya gundi.

Kinachochakaa kwanza mara nyingi ni gundi. Jua huikatakata. Gundi ya juu kabisa ikishavunjika, chembe za rangi hubaki hazina wa kuzishika, zikakaa juu kama unga. Mtu akiegemea ubavu wa boti ya zamani pale mwaloni Mwigobero mjini Musoma, shati lake huondoka na unga mweupe au wa bluu. Ule unga ni rangi iliyofiwa na gundi yake. Mafundi husema rangi imetoa chaki. Bado ipo, ila uso wake umekuwa na mashimo madogo yasiyohesabika, na mwanga ukipiga pale hutawanyika badala ya kurudi ulikotoka. Jicho linaona ukungu, nasi tunasema imepauka.

Aina ya pili ya kupauka ni ya chembe zenyewe. Nyekundu na njano nyingi za kisasa hutengenezwa kwa kemikali ambazo jua huzivunja, na hapo hata ukisugua namna gani nyekundu haitarudi, kwa sababu haipo tena. Beseni jekundu la plastiki lililosahaulika uani huko Butiama kwa msimu mmoja linaonyesha yote mawili: limepoteza wekundu, na ukilikwaruza kwa ukucha linatoa unga. Nyekundu ya udongo ni habari nyingine. Hiyo inatokana na kutu ya chuma, ambayo jua haliwezi kuifanya chochote, na ndiyo maana nyumba ya udongo mwekundu haipauki hata ikikaa miaka.

Kwa ndege nyingi ndogo za bati, kama Cessna 172 iliyoanza kuuzwa mwaka 1956, matabaka ni haya kutoka chini kwenda juu: bati la alumini, kisha praima, yaani rangi ya msingi inayoshikana na bati na kulizuia lisiliwe na kutu, kisha rangi ya juu tunayoiona. Ndege nyingine zina tabaka la nne, utando angavu usio na rangi unaolinda zile za chini. Ukiyajumlisha yote, unene wake hautofautiani sana na ule wa karatasi moja ya daftari. Fundi anayeshika mashine ya kung'arishia anafanya kazi ndani ya karatasi hiyo. Akizidisha kidogo yuko kwenye praima, akizidisha tena yuko kwenye bati.

*Kwa ufupi: kupauka kwa gundi kunaweza kurekebishwa kwa kuondoa unga wa juu. Kupauka kwa chembe hakurekebishwi kwa kusugua.*

Jua, ziwa na changarawe

Mkoa wa Mara, ambamo Musoma imo, una kila kitu kinachochosha rangi. Musoma iko takriban nyuzi moja na nusu tu kusini mwa Ikweta, na jua husimama utosini mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba. Uso wa Ziwa Victoria wenyewe uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Ile sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho, inayounguza ngozi na kuvunja gundi za rangi, huitwa miale ya urujuanimno, na huongezeka kwa takriban sehemu moja ya kumi kila unapopanda mita 1,000. Kwa hiyo ndege inayolala nje Musoma hupigwa kuliko ile inayolala nje Tanga. Inaporuka mita 3,000 juu ya nyanda, hupigwa zaidi.

Mgongo wa bawa huchakaa kwanza. Tumbo la bawa, ambalo halioni jua, hubaki na rangi yake ya asili, na fundi mwenye busara huanzia hapo: huinama chini ya bawa ili ajue ndege hii ilikuwa ya rangi gani kabla hajaahidi kuirudisha.

Ziwa nalo lina yake. Kuna majira ambapo vijidudu vya ziwani huinuka juu ya maji kwa mamilioni, mtu wa mbali akadhani ni moshi. Ndege ikipita humo, ukingo wa mbele wa bawa hupakwa mabaki yao. Yakikauka juani hushika kama gundi. Unyevunyevu wa alfajiri hukaa kwenye maungio ya bati na chini ya vichwa vya ribiti, zile pini za bati zinazounganisha ngozi ya ndege na mifupa yake. Kunguru na mbayuwayu wanaolala kwenye kenchi za banda huacha kinyesi chenye asidi, na kikikaa siku kadhaa kwenye jua hula rangi mpaka kikaacha doa lisilotoka.

Halafu vumbi. Kwa miaka mingi kiwanja cha Musoma kilikuwa cha changarawe, na viwanja vingi vinavyohudumia Serengeti bado ni vya changarawe au udongo. Ukiacha lami wakati wa kiangazi, unajua vumbi la mkoa huu linavyoingia kila mahali. Pangaboi la ndege, lile linalozunguka mbele na ambalo vitabu huliita rafadha, huvuta kokoto na kuzirusha nyuma. Zinapiga tumbo, miguu ya magurudumu na ukingo wa mbele wa mkia. Kila kokoto huacha kidonda kidogo katika rangi, na kila kidonda ni mlango wa maji.

Unga mweupe wa aina mbili

Hapa ndipo panapohitaji macho kuliko mikono, kwa sababu rangi nyeupe iliyochoka hutoa unga mweupe, na alumini inayoliwa na kutu pia hutoa unga mweupe. Wengi wetu tumezoea kutu ya chuma, ile nyekundu inayotoboa mabati na milango ya daladala. Kutu ya alumini haina wekundu. Ni nyeupe au ya kijivu, na mtu asiyejua huifuta akidhani ni vumbi.

Namna ya kuzitofautisha ni kuangalia zinapokaa. Chaki ya rangi huenea sawasawa juu ya eneo zima lililopigwa na jua, na kitambaa cheusi kikipita hutoka na unga laini huku uso uliobaki ukiwa tambarare. Kutu hupenda mipaka: kuzunguka ribiti, kwenye maungio ya mabati, kando ya bawaba za milango, chini ya betri. Rangi hapo huvimba malengelenge. Wakati mwingine huonekana mistari membamba iliyopindapinda chini ya rangi ambayo bado inang'aa, na hiyo ni kutu inayosafiri kati ya rangi na bati, hasa mahali penye unyevu. Ukiiona, weka chini kitambaa. Kazi hiyo si ya kung'arisha tena, ni ya mhandisi wa ndege mwenye leseni, kwa sababu bati lenyewe linapungua unene, na polishi juu yake inafunika ushahidi.

Nimesikia watu wakisema kwamba ndege inayong'aa ndiyo iliyotunzwa. Siamini hivyo. Ndege iliyopauka lakini isiyo na lengelenge hata moja kwenye maungio imetunzwa vizuri kuliko inayometameta huku ribiti zake zikitoa unga.

Kuosha, kazi inayodharauliwa

Kama ningeruhusiwa kumpa mwenye ndege ushauri mmoja tu, ningemwambia aoshe mara nyingi na asugue mara chache. Sehemu kubwa ya kinachoitwa kupauka ni uchafu: moshi wa injini uliochanganyika na mafuta, vumbi lililoganda, mabaki ya wadudu. Ndege nyingi zinazodhaniwa zinahitaji rangi mpya zinahitaji maji na subira.

Maji yawe mengi na masafi. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, hilo ni jambo zuri, lakini yaliyochotwa ufukweni hubeba mchanga laini na ukijani, kwa hiyo yaachwe yatuame na kuchujwa kwa kitambaa. Maji ya kisima yenye magadi huacha madoa yakikauka juani. Kwa sababu hiyo ndege huoshwa asubuhi mapema au kivulini, wakati bati ni la baridi.

Sabuni isiyofaa nayo huharibu ndege nyingi. Sabuni ya unga ya kufulia, dawa za kung'arishia vyoo, na dawa za kuondolea madoa ya nguo zina ukali unaoila alumini zikipenya kwenye maungio. Inayofaa ni sabuni iliyotengenezwa kwa ajili ya ndege, au ya maji isiyo kali, ile ambayo haielemei upande wa asidi wala wa magadi, iliyochanganywa nyepesi. Kwa tumbo lenye mafuta meusi ya injini hutumika kiyeyushi kilichoidhinishwa na mtengenezaji wa ndege. Petroli haifai: hushika moto, hudhuru mapafu, na huharibu mipira na vioo.

Mambo ambayo hayafanywi kabisa, hata kama mwosha magari anayafanya kila siku:

- Kusugua kwa waya wa kusugulia sufuria. Nyuzi zake za chuma hukatika na kubaki ndani ya alumini, na metali mbili tofauti zikikutana penye unyevu, moja huanza kuliwa. Utakuwa umepanda kutu kwa mkono wako.
- Kupiga maji ya presha kwenye bawaba, magurudumu, matundu ya hewa na mlango wa injini. Maji hufukuza grisi na kuingia pasipotoka.
- Kuegemea au kukanyaga vibawa vya kuongozea, vile vipande vinavyochezacheza nyuma ya bawa na mkiani. Vimetengenezwa kwa bati jembamba na hupinda kwa uzito wa kiwiko.
- Kuziba kwa nta au uchafu yale matundu madogo chini ya tumbo na mabawa. Yamewekwa ili maji yatoke.

Wadudu waliokauka hawakwanguliwi. Lowanisha taulo, ilaze juu ya ukingo wa bawa robo saa, kisha futa. Kitambaa kikianguka chini hakirudi kwenye ndege mpaka kifuliwe, kwa maana punje moja ya mchanga wa Musoma ndani yake itachora mstari kila inapopita. Na baada ya kuosha, bawaba na beringi zilizopoteza grisi hupakwa upya kama kitabu cha ndege kinavyoelekeza.

Utepe uliosahaulika

Nalipa jambo hili sehemu yake kwa sababu watu wamekufa kwalo.

Ubavuni mwa ndege kuna matundu madogo, wakati mwingine hayazidi ukubwa wa tundu la sindano nene. Yanapokea hewa tulivu ya nje ili vifaa vya rubani vijue ndege iko juu kiasi gani na inapanda au inashuka. Mahali pengine, mara nyingi chini ya bawa, umechomoza mrija mfupi unaotazama mbele. Huu huitwa mrija wa pito, na hupokea upepo wa mbele. Kifaa cha kasi hulinganisha upepo wa mrija na hewa tulivu ya yale matundu, kikapata kasi ya ndege. Wakati wa kuosha na kung'arisha, matundu hayo hufunikwa ili maji na polishi visiingie. Yakifunikwa, lazima yafunuliwe.

Tarehe 2 Oktoba 1996, ndege ya Aeroperú namba 603, Boeing 757, iliruka usiku kutoka Lima kwenda Santiago. Ilikuwa imeoshwa, na utepe wa kunata uliowekwa juu ya matundu ya hewa tulivu haukuondolewa. Marubani walijikuta gizani juu ya bahari na vifaa visivyokubaliana, kimoja kikidai wako juu na kingine kikipiga kelele kuwa wako chini, kasi ikisomeka ovyo. Ndege iliingia Bahari ya Pasifiki. Watu wote 70 waliokuwemo walikufa. Injini zilikuwa nzima na mabawa yalikuwa mazima.

Miezi minane kabla ya hapo, tarehe 6 Februari 1996, ndege nyingine ya aina ileile, ya Birgenair namba 301, ilianguka baada ya kuruka kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, ikiwa na watu 189. Hakuna aliyepona. Mrija wa pito mmoja ulikuwa umeziba, na kilichoshukiwa ni kiota cha nyigu wa udongo, kwa kuwa ndege ilikuwa imeegeshwa siku nyingi bila mirija yake kuvikwa vifuniko. Yeyote aliyekaa Mara anawajua nyigu hawa. Hujenga kwenye matundu ya funguo, kwenye mabomba ya maji, kwenye soketi zisizotumika. Tundu la mrija wa pito ni chumba wanachokipenda.

Kwa hiyo kabla kitambaa cha kwanza hakijalowa, chukua karatasi. Andika kila tundu unalolifunika. Tumia utepe wa rangi inayopiga kelele, chungwa au nyekundu, usifanane kamwe na bati wala rangi ya ndege, na uache mkia mrefu unaoning'inia. Mrija wa pito uvikwe kifuniko chake maalumu. Kazi ikiisha, anayefunua asome karatasi kwa sauti na mtu wa pili aguse kila tundu kwa kidole. Rubani naye aangalie mwenyewe kabla ya kupanda, hata kama anaowaamini wamemhakikishia.

Kurudisha mng'ao

Ndege imeoshwa, imekauka, imechunguzwa kutu. Sasa ndipo polishi inapoingia.

Polishi ya kurudisha mng'ao ni uji wenye chembe ngumu ndogo sana. Inafanya kazi kwa kukwangua ile safu ya unga na kuusawazisha uso uliobaki. Zipo za chembe kubwa, ambazo mafundi wa magari huziita rabingi, na zipo laini sana. Desturi ya gereji nyingi ni kuanza na kali ili kazi iishe haraka. Kwenye ndege ni kinyume: anza na laini kuliko zote, kwenye eneo la ukubwa wa kiganja, mahali pasipoonekana, kwa mkono. Ikitosha, hakuna sababu ya kwenda kwenye kali zaidi.

Tazama kitambaa chako. Kikitoka na rangi ya ndege, basi unagusa rangi yenyewe na hakuna utando angavu juu yake. Kisipotoka na rangi ilhali uso una ukungu, unagusa utando. Utando ukiwa umeshaanza kubanduka vipandevipande, polishi haitausaidia. Na kitambaa kikianza kuonyesha rangi ya kijani-njano, simama hapohapo. Ndege nyingi za zamani zilipakwa praima ya kromati, yenye rangi hiyo, ambayo huzuia kutu vizuri sana lakini vumbi lake husababisha saratani. Haipigwi msasa mkavu, wala vumbi lake halipeperushwi kwenye banda ambamo watu wanakula chakula cha mchana.

Kuna jambo la kusikitisha kuhusu alumini yenyewe. Mabati mengi ya ndege ni aloi, yaani mchanganyiko wa metali, yenye nguvu lakini rahisi kuliwa na kutu. Kwa hiyo kiwandani hufunikwa pande zote mbili kwa ngozi nyembamba ya alumini safi, isiyoliwa kirahisi. Ngozi hiyo ni asilimia chache tu za unene wa bati. Mtu anayesugua kupita rangi na praima mpaka bati likameremeta, akafurahi, ameondoa kinga ambayo hakuna kopo dukani litakaloirudisha.

Mashine ya kung'arishia inaruhusiwa kwenye nafasi pana za bawa na kiwiliwili, kwa mwendo wa taratibu, bila kusimama mahali pamoja, maana joto lake huilainisha rangi. Kwenye vichwa vya ribiti, kwenye kona na kwenye kingo, rangi ni nyembamba zaidi na mashine huipita kwa sekunde. Hapo tumia mkono.

Mwisho ni nta au kinga ya kisasa ya kupaka. Haing'arishi kwa kukwangua, bali hufunika, na ndiyo itakayopokea jua kwa niaba ya rangi. Epuka zenye silikoni, hasa polishi za dashibodi na fanicha. Silikoni hupenya kila mahali, na siku ndege itakapopulizwa rangi mpya, rangi itakimbia pale ilipo na kuacha vishimo vya mviringo kote.

Ndege zilizovikwa kitambaa badala ya bati, kama Piper Super Cub zinazotumika kwenye doria za wanyamapori, hazifuati haya. Ngozi yao ni kitambaa kilichokazwa kwa tabaka za rangi, na ndani ya tabaka hizo huwekwa unga wa alumini unaozuia jua lisikiozeshe. Osha kwa upole na uachie hapo. Kupauka kwake kwapaswa kukutisha kuliko kwa ndege ya bati, kwa sababu kitambaa kilichoonwa na jua hupoteza nguvu, na hupimwa na mhandisi.

Na vioo. Vioo vya ndege ndogo ni plastiki ngumu iitwayo akriliki. Dawa ya kusafishia madirisha ya nyumba yenye amonia, petroli, na tina huvijaza nyufa ndogondogo zisizofutika, na rubani akitua jioni jua likiwa mbele yake juu ya ziwa, nyufa hizo huwaka zote kwa pamoja asione njia. Mwagia maji, pitisha kiganja kitupu bila pete ili ukihisi mchanga uuondoe, kisha kausha kwa kitambaa laini cha pamba. Hapo mkono wa mtu unashinda kifaa chochote.

Inapobidi rangi mpya

Sasa lile swali la pesa. Kupiga ndege rangi upya ni ghali, lakini gharama kubwa haiko kwenye kopo.

Rangi ya zamani kwanza ibanduliwe, kwa kuwa kupaka juu ya iliyopo huongeza uzito, na ndege ndogo inahesabu kila kilo. Shirika la American Airlines liliruka kwa miongo mingi na ndege za bati tupu lililong'arishwa, mpaka mwaka 2013 lilipobadilisha sura ya ndege zake. Bati tupu lilipunguza uzito wa rangi, lakini lilihitaji kung'arishwa bila kukoma.

Kisha rangi yenyewe. Ile imara inayotumika leo, poliurethani, huchanganywa kutoka makopo mawili, moja likiwa na hadina, dawa inayoifanya ikaze. Ndani ya hadina mna kemikali ziitwazo isosayanati. Zikivutwa puani wakati wa kupuliza, zinaweza kumpa fundi pumu ya maisha, na akishaipata hata harufu ndogo humrudishia. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii chochote. Inatakiwa hewa safi inayoletwa kwa mpira kutoka nje ya chumba. Vijana wengi wanaopuliza magari pembezoni mwa barabara zetu hutumia hadina hizohizo wakiwa wamejifunga fulana puani. Hilo linanisumbua kuliko ndege yoyote iliyopauka.

Kinachofuata hakionekani kwa macho. Vibawa vya kuongozea vimesawazishwa kwa uzito maalumu, mbele na nyuma ya bawaba zake. Gramu za rangi zikizidi upande wa nyuma, kibawa kinaweza kuanza kutetemeka chenyewe ndege inapokimbia kwa kasi, na mtetemo huo ukishika nguvu huweza kuking'oa ndani ya muda mfupi sana. Ndiyo maana kila kibawa kilichopakwa upya hutolewa na kusawazishwa. Ndege nzima nayo hupimwa uzito upya.

Kuhusu uchaguzi wa rangi, nyeupe inatawala kwa sababu hurudisha joto, na ndege nyingi zilizojengwa kwa nyuzi za kioo na gundi hulazimika kuwa nyeupe au karibu na nyeupe, maana gundi yao hulegea ikipata moto mwingi. Lakini ndege maarufu kuliko zote katika historia ya Serengeti ilikuwa na milia. Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael walikuja na Dornier Do 27 iliyopakwa milia ya pundamilia, yenye usajili D-ENTE, wakahesabu wanyama wa nyanda hizi kutoka angani mwaka 1958. Tarehe 10 Januari 1959 Michael, akiwa na miaka 24, aliruka peke yake, ndege ikagongana na tumbusi na kuanguka. Amezikwa ukingoni mwa bonde la Ngorongoro. Filamu yao juu ya Serengeti ilipata Oscar mwaka 1960. Milia yao inakumbukwa mpaka leo, na ni haki ikumbukwe: kwenye nyanda za majani makavu, ndege yenye rangi zinazopingana vikali huonekana mapema, na rubani mwenzako akikuona mapema anapata muda wa kukukwepa.

Herufi za usajili, zinazoanza na 5H kwa Tanzania, 5Y kwa Kenya na 5X kwa Uganda, hurudishwa wazi na kwa rangi isiyozama kwenye ile ya chini. Vibandiko vya maelekezo, kuanzia aina ya mafuta kwenye mfuniko wa tangi hadi onyo la mahali pa kutokanyaga, hurudishwa kimoja kimoja kwa orodha iliyoandikwa kabla ya kubandua. Mhandisi mwenye leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania huandika kazi yote kwenye kitabu cha matengenezo na kutia sahihi. Mwenye ndege anapokabidhiwa funguo, kabla hajasifia mng'ao, aombe kuonyeshwa kurasa mbili: ya uzito mpya wa ndege, na ya kusawazishwa kwa kila kibawa.